Mluzi wa Learco

Mluzi ulimfikia kabla hajafumbua macho. Ulianzia mbali, upande wa daraja, ukapanda mtaa polepole, na ndani yake mlikuwa na ule wimbo. Delfina Zambelli alilala kimya chini ya blanketi la hoteli akaufuata nota kwa nota, kama mama anayesikiliza hatua za mwanawe kwenye ngazi. Mpigaji alipita salama mahali pagumu pa kwanza. Akapita pa pili. Halafu, karibu chini ya dirisha lake kabisa, akapanda mpaka nota ile ya juu iitwayo mi, akaishika, akaining'iniza hewani huku baiskeli yake ikilia kwi, kwi, kwi juu ya mawe, kisha akaiachia.

Safi. Bila hata mkwaruzo.

"Mshenzi wewe," Delfina alisema, akafumbua macho.

Alikwenda dirishani bila viatu. Mpigaji alikuwa muuza mikate tu, mtu wa makamo mwenye aproni nyeupe, na alikuwa amekwisha kata kona. Pale Borgo Sant'Ilario watu walipiga mluzi wimbo ule bila kujua kwamba wanaupiga, wakinyoa ndevu, wakikamua ng'ombe, wakisubiri zamu yao ya kuungama. Na wote, hata wasiojua kuandika majina yao, waliishia kwenye mi.

Delfina akasimama katikati ya chumba, kiganja mbavuni, akavuta pumzi mpaka mgongoni, akapanda nota kwa nota. Nota ya si ilikuwapo. Do ikaja, re ikaja ikiwa imekunja uso kidogo. Alipofika penye mi hapakuwa na kitu. Ingekwaruza angefurahi, maana sauti inayokwaruza angalau ipo. Hii haikuwapo kabisa, kama vile mtu anavyotia mguu kwenye ngazi ambayo seremala ameiondoa usiku bila kumwambia.

Ilikuwa Ijumaa. Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa siku yake ya kuimba.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka thelathini sauti ile ilikuwa imemlisha, imemvisha na kumzungusha dunia. Ilikuwa sauti ya soprano ya aina ambayo wenyewe huiita koloratura, nyembamba, yenye mwanga, inayopanda na kushuka mbio kama maji yanayoteremka juu ya changarawe. Kule Vienna watu walisimama kwenye theluji kununua tiketi zake. Hotelini Lisbon kasuku mmoja alijifunza mazoezi yake ya asubuhi, akawa anayaimba saa tisa alasiri wageni wakiwa wamelala, mpaka mwenye hoteli akamwomba Delfina amnunue au ahame. Wakati wa vita aliimbia majeruhi kwa piano iliyokosa vibonyezo vitatu, na kila wimbo ulipofika kwenye matundu yale, majeruhi walijaza wenyewe kwa midomo. Kule Buenos Aires wapakuzi wa bandarini, watu wa mkoa wake mwenyewe, walimletea jibini nzima jukwaani badala ya maua.

Katika mji mmoja tu hakuwa ameimba tangu mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na saba, na huo ndio mji aliozaliwa.

Sasa jumba la maonyesho la Borgo lilikuwa limepata paa jipya, na meya alikuwa amemwandikia barua nne. Delfina alikubali kwa sababu moja, nayo hakumwambia meya. Alikuwa anaaga opera. Baada ya hapo angebaki na matamasha tu, gauni moja, piano moja, nyimbo anazozichagua mwenyewe. Na hakutaka kuiaga opera huku jambo lile la mwaka wa ishirini na saba likiwa bado limekaa kooni.

Saa nne Maestro Ottorino alibisha hodi. Alikuwa mtu mdogo mwenye miwani mikubwa, mpiga piano aliyemfanyisha mazoezi tangu siku za mwanzo kule Milano, na alikuwa ameisikia ile mi iliyokosekana kupitia ukutani, maana chumba chake kilipakana na cha Delfina.

"Haikufa, Signora," alisema kabla ya salamu. "Imestaafu tu. Ina haki yake."

"Haijaniaga."

"Hata mimi nikistaafu sitakuaga. Nitakuogopa." Akakaa kitandani na kofia yake magotini. "Tushushe wimbo wote nusu ngazi ya sauti."

"Usiseme hivyo."

"Nimekwisha sema. Ninazo karatasi za okestra zilizoshushwa, nimezibeba tangu Milano, ziko chini ya mashati yangu. Wao watasikia mi, wewe utaimba re na nusu. Hiyo unayo?"

"Ninayo. Nikiipigia magoti."

"Basi nani atajua? Meya yule hajui tofauti ya fidla na kikaango."

"Yuko mtu mmoja atajua."

"Mchinja nguruwe?"

"Kaka yangu," alisema Delfina.

Baba yao alipokufa aliacha vitu viwili. Delfina alipata sauti. Learco alipata uma mdogo wa chuma wenye meno mawili, ule wa kupimia sauti, ambao ukiugonga unatoa nota moja tu, la, siku zote ile ile, iwe mvua iwe jua. Baba alikuwa amepigia klarineti bendi ya mji na hakuwa na mali nyingine. Learco alichinja nguruwe na kutengeneza soseji na mapaja ya chumvi, na siku za opera alipanda ngazi mia na nane mpaka roshani ya juu kabisa, kule kwenye mabenchi ya mbao, mahali pa watu wasio na kitu isipokuwa masikio. Roshani ile iliogopwa kuliko magazeti. Waimbaji walioshangiliwa Roma waliondoka Borgo kwa gari-moshi la alfajiri wakiwa wamefunika nyuso.

Mwaka wa ishirini na saba Delfina alikuwa na miaka ishirini na miwili, na opera ilikuwa hii hii ya Jumapili, *Binti wa Kivuko*, ya Maestro Girolamo Stanghelli, mzaliwa wa mji, marehemu wa siku nyingi. Usiku wa kuamkia onyesho alishikwa na mafua ya kifua. Mkuu wa jumba wa wakati ule akasema, tushushe nusu, hawatajua, naye binti akaitikia kwa kichwa kwa sababu aliogopa. Wimbo wa mwisho, ule wenye mi, ulipoanza, Learco aliinua sikio kama mbwa. Akatoa uma mfukoni, akaugonga kwenye ukingo wa roshani, akaushika kwa meno ili usikike kwenye fuvu. Akasikiliza. Kisha akatia vidole viwili kinywani akapiga mluzi wa kuzomea, na roshani nzima ikamfuata.

Usiku ule, jikoni, mama yao alichukua bakuli la supu lililokuwa mbele ya Learco akairudisha supu chunguni. Alifanya hivyo mwezi mzima.

"Sikumpigia Fina," Learco alirudia kila usiku, akiwa na njaa. "Nilipigia ile nusu ngazi."

Delfina aliona usiku ule mmoja tu. Aliondoka kesho yake, na mlangoni alisema maneno ambayo baadaye alitamani mlango ungeyameza: "Mji huu hautanisikia tena. Na wewe wa kwanza." Akayashika maneno yake. Mama yao alipofariki, mwaka wa arobaini na tisa, simu ya maandishi ilisema, NJOO UMWIMBIE. Alikuja. Akasimama kanisani na gauni jeusi, kinanda kikalia peke yake, na mdomo wake ukabaki umefungwa mpaka mwisho wa misa. Learco hakumsamehe jambo hilo. Delfina mwenyewe pia hakujisamehe.

Ijumaa ile ile alasiri alikwenda dukani kwa kaka yake. Learco alikuwa jikoni nyuma ya duka, mikono imejaa unga wa chumvi na pilipili manga, anasugua paja la nguruwe kama anayemkanda mgonjwa. Mkewe, Ivonne, alikuwa mezani anafinya anolini, vidonge vidogo vya mviringo vya unga, vya kutia kwenye supu.

"Umenenepa," Learco alisema bila kugeuka.

"Hujaniona bado."

"Nimesikia ubao wa mlangoni. Zamani haukuwa unalia."

"Mwenzako amebeba mapafu makubwa humo," Ivonne alisema. "Karibu, wifi. Kaa. Usimsikilize, tangu Jumatatu hajalala. Jana usiku ameamka ananiuliza kama nafikiri utapanda mi kwa pumzi moja au mbili. Mimi! Saa nane za usiku!"

"Nilikuwa naota," Learco alisema.

"Ulikuwa umekaa kitandani, umewasha taa."

Delfina alikaa, akachukua donge la unga, akaanza kufinya naye. Vidole havikuwa vimesahau.

"Learco," alisema mwisho. "Jumapili utapiga mluzi?"

Mikono ya Learco ilisimama juu ya lile paja. Alikuwa na miaka hamsini na saba, shingo nene, masikio madogo kama ya msichana.

"Nimenunua tiketi yangu," alisema. "Meya alitaka kunipa ya bure nikakataa, maana ya bure inafunga mdomo. Ukiimba sawa nitapiga makofi mpaka viganja vitoke damu. Ukiimba chini ya sauti nitapiga mluzi. Mama akifufuka akaimba chini ya sauti, nitampigia mama."

"Mama atakuchapa," alisema Ivonne.

"Na atakuwa na haki. Lakini nitakuwa nimepiga." Akafuta mikono, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, akautoa uma. Ulikuwa umelika kwa kushikwa. Akauweka mezani kati ya anolini. "Jambo moja tu, Fina. Usishushe. Mi ikikuvunjikia, ivunjike. Mtu anavunjikiwa, nitakaa kimya kama aliye kwenye msiba. Ila usinishushie. Usinifanye mjinga mara mbili."

Karatasi za Ottorino chini ya mashati zilimjia Delfina machoni kana kwamba ziko pale mezani.

"Mi, mi," alisema kwa hasira. "Ninyi watu mmezaliwa na mi. Nani aliwaambia lazima iwepo?"

"Stanghelli!" Learco alishangaa kweli. "Ameiandika mwenyewe. Iko kule nyumbani kwake, kwenye sanduku la kioo, mkono wake mwenyewe."

"Umeiona?"

"Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake tunapita mstari, mji mzima, tunavua kofia."

"Unaona ukurasa gani?"

"Ukurasa ulio wazi."

"Na huo umeandikwa nini?"

Learco alifungua mdomo. Akamtazama mkewe. Ivonne alikuwa amejiinamia juu ya anolini, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Umeandikwa... 'Kwa Mheshimiwa Kabaila fulani, kwa heshima zote,'" Learco alisema. "Lakini nyuma yake ndiyo kuna muziki. Kila mtu anajua hivyo."

Jumamosi asubuhi Delfina alikuwa mlangoni pa nyumba ya Stanghelli kabla ya kufunguliwa. Mtunza funguo, Signorina Argia, mseja wa miaka sabini mwenye kitambaa cha vumbi begani, alimjua mara moja na akaanza kulia, kisha akasikia anachotaka akaacha kulia.

"Kufungua kioo? Kioo hakifunguliwi!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakijafunguliwa!" Alisema hivyo kwa hakika ya mtu anayetaja sheria. "Mama yangu alikifuta vumbi, na mimi nakifuta. Hakuna aliyewahi kuomba."

"Naomba mimi. Kesho naimba mbele ya Learco, Argia. Wewe unamjua Learco."

Argia alimjua Learco. Alitafuta ufunguo dakika kumi, na kufuli iliposhikana na kutu akaitia mafuta ya taa ya sanamu ya Bikira, akifanya ishara ya msalaba. Ukurasa wa heshima ulikuwa umekuwa rangi ya chai kwa jua la miaka themanini. Delfina alipoufunua, kurasa za chini zilikuwa nyeupe kama maziwa ya asubuhi, na wino mweusi kana kwamba mwandishi ametoka nje kuvuta hewa.

Akafunua mpaka mwisho. Binti wa mwenye kivuko amesimama ukingoni mwa mto Po, akili imemtoka, anamwita mchumba wake avuke. Delfina aliusoma muziki kwa macho na koo lake likatikisika lenyewe. Mbio zote zilikuwapo, ngazi zote, madoido yote. Kisha mwisho. Hapakuwa na mi. Palikuwa na nota ya la, ile ya katikati ambayo mtoto yeyote wa kwaya anaifikia, na juu yake mstari mrefu wa kuishikilia, mrefu mno, unavimba na kurudi kuwa uzi. Chini yake Stanghelli alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: *Asipaze. Ng'ambo ni mbali, lakini anayemwita hayuko ng'ambo.*

Delfina alikaa sakafuni.

Alikuwa ameimba wimbo ule mara mia mbili na zaidi, Vienna, Lisbon, kila mahali, akipanda mi kwa ushindi kama anayesimika bendera. Na kumbe yule binti alikuwa anajua. Pamoja na kichaa chake chote, alikuwa anajua kwamba mtu wake yumo chini ya maji.

"Mi iko wapi?" Argia aliuliza, amejikunja juu ya bega lake.

"Haipo."

"Haipo vipi?"

"Hakuiandika. Kuna mwimbaji alimtilia, wa zamani huko. Watu wakapenda."

Argia alitazama nyuma yake, mlangoni, kisha akanong'ona kwa sauti kali: "Funga. Funga hicho kitabu, Signora. Wakijua wataniua mimi, si yeye. Yeye amekwisha kufa!"

Ottorino alisikiliza habari hizo akiwa anakula mkate, akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo karatasi zangu..."

"Zirudishe chini ya mashati. Wape okestra zile za kawaida. Sishushi hata unywele. Na mwisho nitaimba alivyoandika."

"Bila mi. Mbele ya roshani ile." Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Signora, Stanghelli hakuiandika, sawa. Lakini wao wameiandika, kwa miaka themanini. Ukiikosa watasema huna. Na kweli huna."

"Kweli sina," alisema Delfina. "Na hii nyingine, Maestro, ile pumzi aliyoitaka, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilikuwa nayo?"

Ottorino alifikiri kwa uaminifu. Hakuwahi kumdanganya kuhusu sauti, hata siku alizomdanganya kuhusu mambo mengine yote.

"Hukuwa nayo," alisema. "Hakuna anayekuwa nayo umri huo. Ulipata lini? Baada ya vita, nadhani. Baada ya mama yako."

Jumapili jua lilikuwa bado liko juu watu walipoanza kuingia. Wenye viti vya mahameli walikuja na manukato. Wa roshani walikuja na mikate yenye salami, chupa za divai ya lambrusco na maneno. Nyuma ya pazia Delfina aliwasikia wakikaa, mbao zikilia juu kabisa, mtu akimwambia mwenzake atoe goti lake. Learco angekuwa pale pale pa siku zote, kona ya kushoto, kiwiko kwenye ukingo.

Alianza kwa uangalifu. Katika sehemu ya kwanza roshani ilikohoa. Katika ya pili mtu mmoja alisema "Mh," na pale Borgo "mh" ni sifa. Mbio zake zilikuwa bado zipo. Aliteremka ngazi za sauti mbili mbili bila kushika ukuta, na safari moja, baada ya madoido marefu kuliko yote, alisikia kule juu mtu akicheka kwa furaha kama mtoto anayerushwa hewani. Alikijua kile kicheko. Alikuwa amekisikia kabla hajajua kusema.

Kisha ukingo wa mto, gauni jeupe, nywele wazi.

Aliimba, na kila alipokaribia mwisho ndivyo ukumbi ulivyojisogeza mbele. Aliwasikia wakivuta pumzi pamoja naye, mamia ya watu, kila mmoja akipanda kimoyomoyo kuelekea pale juu. Okestra ikafika kwenye sauti yake ya mwisho na kusimama chini yake kama sakafu. Hapo ndipo mi ilipokuwa ikikaa.

Delfina alibaki kwenye la.

Aliianza ndogo, karibu haipo. Akaiachia ikue. Hakuitazama roshani, alitazama maji yale ya mbao na rangi yaliyochorwa mbele yake, na hakuita mtu wa ng'ambo. Alimwona mama yake akimimina supu chunguni. Sauti ikavimba ikajaa jumba mpaka kwenye paa jipya.

"Mi!" mtu alipiga kelele juu. "Mi iko wapi?"

Mwingine akapiga mluzi, mfupi, wa kijana. Ukafuata wa pili. Delfina alianza kuipunguza la yake, polepole, akiihesabu pumzi iliyobaki mbavuni, na ndani ya kelele iliyokuwa inaanza alisikia kitu kidogo.

Ting.

Uma ukigongwa ukingoni. Safari hii Learco hakuutia menoni. Aliusimamisha kwenye mbao za ukingo, na mbao za miaka mia moja zikaitikia, na la ya baba yao ikatoka ikasikika na kila mtu. Milio miwili ikakutana hewani, wa chuma na wa dada yake, na haukuonekana mshono. Mluzi ukakatika. Jumba likanyamaza hata taa zikasikika zikivuma. Delfina alipunguza, akapunguza, mpaka pumzi ikaisha kabisa akafunga mdomo. Na uma ukaendelea kulia kidogo peke yake, hata ikawa kama sauti yake imebaki kule juu kwa kaka yake baada ya yeye kunyamaza.

Kisha nao ukanyamaza.

"Ni la," alisema Learco.

Hakupaza sauti, lakini hakuna ambaye hakusikia.

"Lakini mi, Learco!" yule kijana alilalamika.

"Nimesema ni la. Haikushuka hata unywele. Kaa chini kabla sijakukalisha."

Akaanza kupiga makofi. Alipiga peke yake kwa muda ambao Delfina aliuona mrefu kuliko ile nota yenyewe, mikono mizito ya mchinjaji, kofi moja moja. Ndipo jumba likalipuka. Si wote; upande wa kulia wa roshani ulizomea na kudai mi yake, upande wa kushoto ukauzomea upande wa kulia, mkate wa salami ukaruka hewani, na wenye mahameli chini wakasimama kutazama juu kana kwamba opera imehamia huko. Ottorino alionekana pembeni mwa pazia, analia na kucheka, miwani mkononi.

Delfina alisogea mpaka mbele kabisa, penye taa za ukingoni mwa jukwaa. Akainua mkono. Kelele zikapungua.

"Learco!" aliita, kwa lugha ya nyumbani, ile ya jikoni.

"Nini?" sauti ilijibu kutoka juu. "Usinishukuru. Nataka kujua mi umeipeleka wapi."

"Nenda kwa Argia ukafunue ukurasa! Miaka themanini mnavua kofia mbele ya anwani ya barua!"

Kicheko kilipita jumba zima. Katika safu ya tatu Signorina Argia alijifunika uso kwa kitambaa chake cha vumbi.

"Nitakwenda kesho," Learco alisema. "Na nikiikuta?"

"Ukiikuta nitakulia paja zima la nguruwe bila mkate."

"Na nisipoikuta?"

Delfina alimtafuta kwa macho mpaka akampata, kona ya kushoto, kiwiko ukingoni, uma bado umesimama mkononi mwake.

"Kaka," alisema. "Mwezi wa kumi na moja ni misa ya kumkumbuka mama."

Watu wa Borgo wote walikuwamo kanisani mwaka ule wa arobaini na tisa.

Learco alivua kofia. "Kinanda cha kanisani kimeharibika," alisema. "Hakishiki la."

"Basi lete uma wa baba unipe la wewe. Nitaimba mimi, Learco. Nikiwa na mafua nitaimba, nikiwa nimezeeka nitaimba, na sitashusha. Nakuahidi mbele ya watu hawa wote. Na nikitoka nje ya sauti, pale pale mbele ya padri, wewe piga mluzi."